Chai za Dawa Nyumbani: Ipi Inatuliza, Ipi Inatibu, Ipi Inakuchelewesha

Kusi ikishika Lamu, mwezi wa nne kwenda wa tano, na masika nayo yanamwagika, nyumba nyingi huwa na angalau mtu mmoja anayekohoa. Na kila nyumba ina dawa yake. Huku wanatwanga tangawizi, kule wanachemsha mchaichai, jirani ameagiza majani ya mpera kwa sababu mtoto anaendesha, na bibi wa nyumba ya pili hataki kusikia kitu kingine ila mwarobaini. Ukiwauliza ipi inayofaa, kila mmoja atakujibu kwa uhakika kabisa, na majibu yao hayatakubaliana.

Nimekulia kwenye chai hizi na bado nazinywa, tena kwa kupenda. Lakini tumezichanganya, kwa sababu hazifanyi kazi ya aina moja. Nyingi zinapunguza adha huku mwili ukijitibu wenyewe. Chache zinafanya jambo mwilini ambalo unaweza kulitazamia kwa saa. Na ziko zinazosifiwa kutibu maradhi ambayo jani na maji ya moto haviwezi kuyafikia. Asiyezitenganisha atazidharau zinazosaidia, au atazitegemea zisizosaidia mpaka siku zimwishie.

Mafua na kikohozi

Mafua ya kawaida huletwa na virusi. Hakuna chai inayoviua, na hata antibiotiki tunazozikimbilia madukani hazivigusi. Mwili ndio unaovimaliza, kwa muda wa siku 7 hadi 10, na kikohozi kinachobaki nyuma chaweza kuburuta mpaka wiki 3 bila ubaya wowote. Ndiyo sababu kila dawa ya mafua ina mashahidi wengi. Mtu amekunywa tangawizi siku ya sita, siku ya nane amepona, basi sifa zote kapewa tangawizi.

Sisemi kwamba haikumfaa. Kinywaji cha moto kinachonywewa polepole hulegeza makamasi, hulainisha koo lililokauka na kurudisha maji yanayopotea kwa homa na kwa kupumua mdomo wazi. Ukali wa tangawizi huyafanya mate na makamasi yatiririke, na kifua kinahisi kufunguka. Mgonjwa akipata usiku mmoja wa kulala vizuri, amefaidika. Kutuliza ni kazi ya heshima, mradi tujue kwamba ndiyo kazi inayofanyika.

Katika mchanganyiko ule wa tangawizi, ndimu na asali, kilichothibitika zaidi kwa kikohozi cha watoto ni asali. Kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala hupunguza kikohozi cha usiku kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, na matokeo hayo yameonekana katika tafiti zaidi ya moja. Chini ya mwaka mmoja ni marufuku, na hapa naomba akina mama na mabibi wanisikilize. Asali yaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Tumbo la mkubwa huzishinda, lakini ndani ya utumbo wa mtoto mchanga hukua na kutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ile ya kupumulia. Kuichemsha asali hakusaidii, kwa maana mbegu hizo hustahimili maji yanayotokota. Ile tabia ya kumlambisha mtoto mchanga asali iliyochovywa kidoleni tuiache. Tende iliyotafunwa vizuri ndiyo iliyopokewa katika Sunna ya tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga kitu kitamu kinywani, na asiye na tende asiifanye asali kuwa badala.

Kwa mkubwa, asali itiwe mwisho, kikombe kikiwa kimepoa kiasi cha kushikika. Moto mkali huharibu vimeng'enya vinavyoipa sehemu ya nguvu zake. Ndimu nayo ikamuliwe hapo hapo, kwa sababu vitamini C haipendi kuchemshwa.

Kuna nanaa, na kuna majani ya mkalitusi ya kujifukiza. Nanaa kali ina mentholi, nayo mentholi huamsha vile vipokezi vya puani vinavyohisi baridi. Mtu anahisi pua imezibuka, ingawa hewa inayopita ikipimwa huwa ni ile ile. Nafuu ya kuhisi ni nafuu, na aliyebanwa pua usiku kucha hahitaji kuambiwa thamani yake. Ila mtoto asifunikwe shuka juu ya sufuria ya maji yanayotokota. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila mahali watu walijifukiza, na mvuke haukuua virusi. Ulichoweza kufanya kwa urahisi ni kuunguza nyuso na mapaja. Kikombe kikubwa kilichoshikwa mkononi, ukivuta mvuke wake huku unakunywa, kinatosha.

Kikohozi kinachokuja na damu, jasho la usiku, kukonda, au kupumua kwa shida kisisubiri chai yoyote. Kifua kikuu kipo, na kina dawa. Mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi apelekwe saa hiyo hiyo.

Namna ya kuipika

Mabishano mengi kuhusu chai hizi ni mabishano ya upishi. Mtu anasema mchaichai haukumsaidia, kumbe aliuchemsha nusu saa sufuria ikiwa wazi, na kilichokuwa ndani kikaondoka na moshi wa jiko.

Mizizi, magome na mbegu ngumu huficha vitu vyake ndani, kwa hivyo huhitaji kuchemka kwa moto mdogo, dakika 10 hadi 20. Hapo tunazungumzia tangawizi, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Majani mateke na maua hayataki hivyo: mimina maji yaliyotoka kutokota, funika, acha dakika 5 hadi 10, chuja. Mchaichai, nanaa na mrehani ziko upande huu. Harufu ya majani haya inatokana na mafuta yanayoruka kwa wepesi, na mafuta hayo ndiyo unayoyatafuta. Nyumba nzima ikinukia mchaichai, ujue kikombe kimebaki na kidogo.

Tangawizi niielezee kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayonywewa zaidi kwetu, kwenye chai ya maziwa na kwenye kahawa chungu ya barazani. Chukua mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba. Usiimenye kwa kisu. Ikwangue kwa ncha ya kijiko, kwa sababu sehemu yenye harufu nyingi iko karibu na ngozi na kisu huitupa. Itwange kinuni mpaka ibaki nyuzinyuzi, na maji yaliyotoka uyakombe yote. Itie kwenye vikombe viwili vya maji baridi, injika, funika. Yakitokota punguza moto, yaache yachemke taratibu dakika 10 hadi 15. Ukifunua, utaona matone yameshikana upande wa ndani wa kifuniko. Yanuse kwanza, halafu yarudishe sufuriani kabla ya kuchuja.

Wengine huapa kwamba tangawizi kavu ni kali kuliko mbichi, na hawakukosea. Mbichi ina jinjeroli; ikikaushwa au ikipikwa sana, sehemu yake hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Kwa hivyo kijiko cha unga si sawa na kijiko cha iliyotwangwa, na anayebadilisha moja kwa nyingine apunguze.

Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Ndimu na ukwaju visichemshwe humo, kwa kuwa uchachu hulamba madini ya chombo. Tumia chuma cha pua au kioo, au ukamue ndimu kikombeni. Maji nayo yana neno lake hapa Lamu. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na maji matamu tunayapata kutoka Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mwenye presha anayekunywa vikombe vitano kwa siku ateke maji matamu. Na majani ya kuchuma yasitoke kwenye kichochoro ambapo mtaro wa maji machafu unapita na punda wanasimama, kuyaosha hakutoshi.

Tumbo

Hapa ndipo chai za nyumbani zinapoonyesha nguvu zao, na ndipo zinapotofautiana sana.

Tangawizi kwa kichefuchefu ina ushahidi mzuri, hasa kichefuchefu cha mimba changa. Tafiti nyingi zilitumia takriban gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku, ikiwa imegawanywa mara tatu au nne. Kiasi hicho hakifiki hata kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Mjamzito anayetapika mpaka hawezi kubaki na maji tumboni ana tatizo jingine, na hilo ni la hospitali. Maumivu ya tumbo la mwezi pia hupungua kwa baadhi ya wanawake wakianza kunywa tangawizi siku ya kwanza, bila kusubiri yakolee.

Gesi na kuvimbiwa ni kazi ya iliki, bizari ya pilau na shamari. Mbegu ziponde kidogo tu, zipasuke, kisha uzichemshe. Mafuta yake hulegeza misuli ya utumbo na upepo unapata njia. Ushahidi wake si mkubwa, lakini madhara yake kwa kiasi cha jikoni ni madogo, na binafsi sioni sababu ya kumkataza mtu kikombe cha iliki baada ya pilau la harusi.

Mwenye kiungulia awe mwangalifu na nanaa. Ile sifa yake ya kulegeza misuli haichagui. Hulegeza pia mlango ulio kati ya koo la chakula na tumbo, na asidi inapanda juu. Nimeona watu wakipewa nanaa kwa kiungulia na kushangaa kwamba kinazidi. Tangawizi nyingi nayo humchoma mtu wa aina hii.

Kwa choo kigumu, kuna majani yanayofanya kazi waziwazi, nayo ni sanamaki. Viini vyake hupita tumboni bila kufanya lolote mpaka vifike utumbo mpana, ambako bakteria huviamsha, navyo huuchochea utumbo ujikamue. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12. Ndiyo maana hunywewa usiku na choo kikaja asubuhi, na ndiyo maana mtu asiye na subira anayeongeza kikombe cha pili baada ya saa mbili hujuta alfajiri. Sanamaki ni dawa kamili, na inafaa iogopwe kama dawa: siku chache tu, isigeuzwe chai ya kila siku ya kupunguza mwili, kwa maana humaliza maji na potasiamu. Ukwaju ni mpole zaidi, na kwa wengi glasi ya maji ya ukwaju, maji ya kutosha na matunda vinatosha.

Kuendesha ndiko kunakoua, hasa watoto, na kinachoua ni kukaukiwa maji na chumvi mwilini. Majani ya mpera yana tanini na kwesetini, na yanaweza kupunguza msokoto wa tumbo na mwendo wa utumbo. Mtu mzima mwenye tumbo la kuendesha siku moja anaweza kuyanywa. Lakini mama akiniambia mtoto anaendesha na amempa mpera peke yake, moyo wangu hushtuka. Kwanza maji yarudi. Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, zinapatikana kwenye vituo vya afya na maduka ya dawa. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa pia. Sukari ndiyo inayoivuta chumvi kupita ukuta wa utumbo, na maji hufuata chumvi. Ukiondoa kimoja, kingine kinapoteza maana. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hivyo kipimo kishikwe. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, hata akitapika, baada ya dakika kumi uanze tena. Kituoni atapewa pia zinki ya siku 10 hadi 14, ambayo hufupisha ugonjwa.

Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, basi linafaa kama nyongeza. Damu kwenye choo, macho yaliyoingia ndani, kulia bila machozi, au choo kinachomwagika cheupe kama maji ya mchele: mtoto aende hospitali huku anaendelea kunyweshwa njiani.

Homa

Katika mambo yote ya makala haya, hili ndilo linalonikera na kunihuzunisha. Homa ya Pwani haina uso mmoja. Yaweza kuwa mafua, malaria, dengue, chikungunya, taifodi, au maambukizi ya mkojo. Kwa kutazama na kugusa paji la uso huwezi kuzitenganisha, wala mimi siwezi, wala bibi aliyelea wajukuu ishirini hawezi. Mwarobaini ukipewa mtu mwenye mafua akapona, jina lake linakua. Ukipewa mwenye malaria, siku zinapotea.

Vimelea vya malaria aina ya falsiparamu, ambayo ndiyo iliyoenea Kenya, vinaweza kumfikisha mtoto kwenye degedege au kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili tangu homa ianze. Kwa hivyo kipimo kinatakiwa ndani ya saa 24. Ni tone la damu la kidoleni, na jibu hutoka kwa muda usiozidi nusu saa.

Wapo wanaosema: dawa ya malaria yenyewe ilitokana na mmea, kwa nini tusiuchemshe mmea? Swali ni zuri na linastahili jibu. Dawa hiyo, artemisinini, ilipatikana kwenye mpakanga wa Kichina na mtafiti Tu Youyou, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Yeye na wenzake walichemsha mmea huo kwa njia za kawaida na matokeo yakawa hafifu, hayatabiriki. Kisha akasoma tena maandishi ya tabibu wa karne ya nne, Ge Hong, yaliyoelekeza kuloweka mmea kwenye maji baridi na kuukamua. Akaelewa kwamba moto ulikuwa unaharibu, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata kioevu kilichoua vimelea. Artemisinini haipendi maji na haipendi moto mkali, yaani vitu viwili ambavyo chai imetengenezwa navyo. Kikombe cha chai yake huwa na dawa kidogo, leo kiasi hiki, kesho kiasi kile. Kidogo hicho kinaweza kushusha homa bila kumaliza vimelea, na vinavyosalia hujifunza kuistahimili dawa. Shirika la Afya Duniani limepinga matumizi ya chai hiyo kwa sababu hizo.

Mwarobaini una shida hiyo hiyo ya kipimo, na zaidi. Uchungu wake hauonyeshi nguvu yake. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kudhuru ini na ubongo wa watoto wachanga, na mjamzito anapaswa kuuepuka kabisa. Kwa ngozi inayowasha, maji ya kuogea ya mwarobaini ni suala jingine, na sina ugomvi nayo.

Malaria ambayo haijawa kali hutibiwa nchini Kenya kwa vidonge vya artemeta na lumefantrini, dozi 6 kwa siku 3. Na hapo chai ya maziwa ina kazi halisi: lumefantrini huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa. Vidonge vimezwe na kikombe cha chai ya maziwa na mkate au mahamri, na dozi imalizwe hata kama siku ya pili mgonjwa ameshaanza kucheka.

Watu wa umri wangu wanaikumbuka chikungunya ya mwaka 2004. Ilianza hapa kisiwani, kabla ya kufika Mombasa, kisha Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba takriban asilimia 75 ya watu wa kisiwa cha Lamu waliambukizwa, yapata watu 13,500. Kulikuwa na ukame, na maji yaliyowekwa majumbani yakawa mazalio ya mbu wa mchana. Watu walishindwa kusimama kwa maumivu ya viungo. Kila mti ulichemshwa mwaka ule.

Chikungunya na dengue hazina dawa ya kuua virusi vyake mpaka leo. Kwa hivyo, kipimo kikishaonyesha kwamba si malaria, chai za nyumbani zinarudi mahali pake panapostahili: maji mengi, mchaichai, tangawizi kidogo, supu, mapumziko, na parasetamoli kwa homa na maumivu. Aspirini na ibuprofeni ziepukwe mpaka dengue iondolewe kwenye hesabu, maana dengue huweza kuleta kutoka damu. Na wale samaki wadogo ambao wazee waliwaweka kwenye mabirika ya misikiti na ya majumbani ili wale viluwiluwi vya mbu, hao naona wamezuia homa nyingi kuliko majani yoyote tuliyowahi kuchemsha.

Jambo moja zaidi kwa walioko mbali na Lamu mjini, huko Pate, Faza, Ndau, Kiwayu na Kiunga. Nyinyi saa zenu hazihesabiwi kama za mtu wa Langoni, mtaa wa hapa mjini. Mlango wa Mkanda, ule mkondo kati ya Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakipwa, na bahari ya kusi nje ya Manda si ya kumpitishia mgonjwa kwa mashua ndogo. Mtu anayesema "tumpe mwarobaini usiku huu, kesho tutaangalia" huenda kesho asubuhi akakuta maji yamepwa na nusu siku nyingine imekwenda. Homa ya mtoto ikianza, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, na kama zahanati ya karibu ina vipimo, nenda huko kabla ya kuwasha jiko.

Habasoda na imani

Kuna watakaoniuliza juu ya habasoda, kwa hadithi inayojulikana kwamba ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti. Sina nia ya kumvunja mtu moyo katika dini yake, nami ni wa dini hiyo. Nakumbusha tu kwamba mafundisho yale yale yametuamrisha waja tutafute matibabu. Anayekunywa habasoda na akaenda kupimwa damu hajaacha chochote.

Chai na dawa za hospitali

Mwenye kisukari anayemeza vidonge, kisha akaongeza uwatu na mdalasini kwa wingi, sukari yake yaweza kushuka mno mpaka akatetemeka na kuzimia. Mimea hiyo nayo hushusha sukari kwa kiasi, na viwili vikijumlishwa hesabu inabadilika. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asianze tangawizi nyingi au kitunguu thaumu kibichi bila kumwambia daktari. Anayesubiri operesheni aviache mapema. Kiasi cha kupikia mchuzi hakina tatizo; tunazungumzia vikombe vya kila siku na unga wa vijiko.

Wajawazito wenye upungufu wa damu, ambao ni wengi, waitazame chai ya rangi. Tanini yake huishika chuma cha kwenye chakula na cha vidonge, isifyonzwe. Chai inywewe saa moja au mbili baada ya kula, na vidonge vimezwe na maji ya ndimu au chungwa badala yake.

Karafuu iliyotafunwa juu ya jino bovu hutuliza kweli, kwa kuwa eujenoli yake hutia ganzi. Jino limebaki bovu vile vile, na usaha chini yake haujaenda popote.

Mdalasini unaonunua pia uutazame. Ukisimama kwenye soko lililo kando ya Ngome, omba kijiti, si unga. Mdalasini wa asili ya Sri Lanka ni tabaka nyingi nyembamba zilizoviringana, huvunjika kwa vidole. Ule mwingine, wa kasia, ni gome moja nene, gumu, lenye mkunjo mmoja au miwili, na una kumarini nyingi zaidi, kitu ambacho kikizidi mwilini kwa muda mrefu chaweza kulidhuru ini. Mamlaka ya chakula ya Ulaya imeweka kiwango cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Anayetia kijiti kwenye pilau hana la kuhofia. Anayekunywa kijiko cha unga kila asubuhi kwa sababu alisikia kinashusha sukari, ajue ni upi anaokunywa. Unga hauwezi kukuambia, na tena huchanganywa kwa urahisi na vitu usivyovijua. Bizari ya manjano nayo ni hivyo hivyo, nunua mzizi na uusage nyumbani. Majani yakaushwe kivulini, jua la Lamu huyaacha na rangi bila harufu, kisha yawekwe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na jiko.

Ukifika kituo cha afya, nesi akikuuliza umetumia dawa gani, zitaje na chai. Watu wengi huficha wakiogopa kukaripiwa, na wengine hawaoni kama ni jambo la kutajwa. Sema jina la jani unavyolijua, vikombe vingapi, tangu lini. Usipolijua jina, bakisha kitawi kimoja kwenye karatasi, ukichukue.